Safari ya Udzungwa Pamoja na Mama

Shule zikifungwa mwezi Juni, familia yangu imekusudia, inshaallah, kusafiri kutoka Choma hadi Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992. Humo yamo maporomoko ya Sanje, yenye kimo cha takriban mita 170. Watoto wetu, waliozoea malambo yanayopungua kiangazi, hawajapata kuona maji yakishuka mlimani.

Njia tuliipanga upesi: Igunga, Singida, Dodoma, Morogoro, Mikumi, kisha Mang'ula, yalipo makao makuu ya hifadhi. Ugumu ulikuwa kwa Mama. Udzungwa hutembelewa kwa miguu, na magoti yake hayahimili tena saa kadhaa za kupanda.

"Nendeni, mwanangu, mimi nitalinda nyumba," alisema.

Nilikaribia kukubali, maana tungeokoa nauli. Kisha nikaona haya. Wapagazi wa Kinyamwezi walielekea mashariki hadi Bagamoyo kwa miguu, mizigo ikiwa mabegani. Sisi wenye basi tushindwe kumchukua mzazi mmoja?

Tumepanga upya. Siku ya kwanza ni ya Mama: tutakwenda naye polepole hadi maporomoko madogo ya Prince Bernhard, karibu na makao makuu. Siku ya pili mke wangu na watoto watapanda Sanje pamoja na mwongozaji. Mimi nitabaki na Mama, nisubiri kusimuliwa.

Njiani tutafupisha sala, kwa kuwa dini imemhurumia msafiri. Nasi tumhurumie tunayesafiri naye.