Siku Wote Walipopanda Cheo

Mdogo wangu alirudi Likasi mwezi wa saba 2024 akitembea na fimbo. Alikuwa amejiandikisha jeshini mwisho wa 2022, wakati vijana wengi walipoitikia wito wa kwenda kulinda mashariki ya nchi, na aliumizwa mguu kwenye kilima kimoja karibu na Sake, Kivu ya Kaskazini. Siku ya kwanza alikaa mbele ya nyumba yetu hapa Kikula akiota jua. Watoto wa barabara yetu walipita, wakapiga saluti, wakaita: "Kolonele!" Mama anayeuza makala kwenye kona naye akasema: "Yambo, kolonele wetu." Jumapili, baada ya misa, Baba alimtambulisha kwa wazee akasema: "Huyu ni mtoto wangu, sajini."

Mdogo wangu ni askari wa kawaida. Hana tepe hata moja begani. Jioni ile aliniambia: "Yaya, ambia bale batoto basiniite vile. Mi hapana kolonele."

Nilicheka. Nilimjibu kwamba ni heshima tu, kwamba kwetu ndivyo watu wanavyosalimiana. Hakucheka. Nami tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza kwa nini jambo dogo namna hii lilimkera mtu aliyevumilia makubwa.

Kila msomaji wa jarida hili anaijua desturi yenyewe. Ukisimamishwa kwenye kizuizi katika barabara ya kwenda Lubumbashi, huangalii bega la aliyekusimamisha. Unapandisha tu. Askari wa tepe moja unamwita kapiteni, kapiteni unamwita kolonele, kolonele unamwita jenerali. Jenerali sijui anaitwa nani. Ni mafuta ya kulainisha mlango, na mlango hufunguka. Wala si jeshini peke yake. Muuguzi ni dokta, msaidizi kitivoni ni profesa tangu wiki yake ya kwanza, na mtu yeyote mwenye gari ni patroni. Mimi mwenyewe nina vyeti saba vya kuhudhuria semina, na katika semina mbili kati ya hizo nilikuwa nje nakula kitumbua wakati wote. Vyeti havikuuliza.

Kambo yetu, baba yake Baba, alikuwa na hadithi moja kuhusu jambo hili. Alikuwa askari wa Force Publique mwaka 1960, katika kambi moja ya Kasai, kijana wa miaka ishirini na kidogo. Nayaandika maneno yake kama alivyoyasema, bila kuyasafisha: "Asubui nilipiga saluti kwa koporale. Muchana batu balisema, bote bamepanda. Mi njo koporale sasa! Nikamuona ule koporale wa asubui anakuya, nikafurai, nikasema leo tuko sawa. Kumbe naye iko serja. Basi, nikamupigia saluti ileile."

Alipofika hapo alikuwa anapiga saluti kweli, mkono ukitetemeka, nasi watoto tulianguka kwa kicheko. Nilipoanza masomo ya chuo ndipo nilipojua kwamba kichekesho cha Kambo kimo katika vitabu vya historia.

Tarehe 5 Julai 1960, siku tano baada ya uhuru, Jenerali Janssens, Mbelgiji aliyeongoza Force Publique, aliandika ubaoni mbele ya askari wake kwamba kabla ya uhuru ni sawa na baada ya uhuru. Jeshi lile lilikuwa na askari zaidi ya elfu ishirini na maofisa wapatao elfu moja, na kati ya maofisa hao hakuwemo Mkongo hata mmoja. Cheo cha juu alichoweza kufikia mtu mweusi kilikuwa ajuda. Maasi yakaanza. Lumumba alijaribu kuyazima kwa amri moja: kila askari apandishwe daraja moja. Kambo alipiga saluti ileile, na maasi yakaendelea.

Mwalimu wetu wa isimu hutufundisha, akimfuata Saussure, kwamba thamani ya neno haimo ndani ya neno lenyewe. Inatoka katika tofauti yake na maneno yaliyo jirani. Saussure alitoa hata mfano wa sarafu: ili ujue thamani yake, uilinganishe na sarafu nyingine za mfumo uleule. Ukiwapandisha wote daraja moja, umehamisha majina na tofauti zimebaki palepale. Kambo hakusoma Saussure, lakini mkono wake uliofika kwenye kofia mara mbili siku moja, mbele ya mtu yuleyule, ulikuwa umeelewa somo.

Niliridhika na maelezo hayo kwa muda mrefu. Katika kazi ya muhula mmoja niliandika kwamba vyeo ni kama noti za zaire, ambazo wazazi wetu walizibeba kwa mifuko: mwaka 1992 ilichapishwa noti ya milioni tano, na mwaka uliofuata zaire mpya moja ikabadilishwa kwa milioni tatu za zamani. Kwenye noti zile alikuwepo Mobutu, naye ndiye mfano ulio karibu kuliko wote. Alitoka Force Publique akiwa wa daraja la sajini, akaamka kolonele Julai ileile ya 1960, akawa jenerali, na mwaka 1982 akawa marshali. Jirani yetu Idi Amin hakukubali kuachwa nyuma. Naye alikuwa marshali tangu 1975, kifua chake kimefunikwa nishani, na akajiita mshindi wa Dola ya Waingereza. Vikizidi, vinashuka. Nilipata alama nzuri.

Siku hizi naona kwamba nilipata alama hizo kwa nusu ya jambo. Kilichonirudisha nyuma ni mtu wa mji wetu wenyewe.

Tarehe 8 Julai 1960 jeshi lilihitaji mkuu mpya, Mkongo. Aliyechaguliwa ni Victor Lundula, ambaye siku hizo alikuwa bugumestre hapa Jadotville, mji ambao leo ni Likasi. Zamani, wakati wa vita kuu ya pili, alikuwa amehudumu katika idara ya tiba ya jeshi, naye hakupita cheo cha ofisa asiyekuwa na kamisheni. Sasa akawa jenerali. Wengi wameandika kuhusu ruka hiyo kwa kejeli, nami nilikuwa tayari kucheka nao. Lakini nani alikuwepo wa kuchaguliwa bila kuruka? Kama kwa miaka yote ya Force Publique hakuna Mkongo aliyeruhusiwa kuwa luteni, basi bega tupu la Lundula halikusema lolote kuhusu uwezo wake. Na mabega yaliyojaa ya wengine hayakusema lolote kuhusu wao, isipokuwa rangi ya ngozi. Vyeo vile vilikuwa adimu sana, navyo vilikuwa vimekwisha kupoteza maana kabla Lumumba hajagawa hata kimoja. Yeye alimimina maji katika pombe ambayo tayari ilikuwa maji. (Kambo asingependa nimseme vibaya Lumumba. Alikuwa anacheka juu ya saluti, lakini tepe ile ya koplo aliivaa, na hakuwahi kusema kwamba hakuistahili.)

Kwa hiyo hesabu peke yake haitoshi. Na ushahidi mwingine uko nje kidogo ya mji wetu, upande wa barabara ya Lubumbashi, ambapo tunapita kila tunapokwenda chuoni.

Septemba 1961, Katanga ikiwa imejitenga, Umoja wa Mataifa ulikuwa umetuma Jadotville kikosi cha Waireland wapatao 155 chini ya Kamanda Pat Quinlan. Tarehe 13 walishambuliwa na majandarme wa Katanga pamoja na mamluki wa Kizungu. Walipigana hadi tarehe 17. Wenzao waliojaribu kuja kuwaokoa walizuiwa kwenye daraja la Lufira. Risasi zilipoisha na maji yakaisha, walijisalimisha, bila kufiwa na mtu hata mmoja, wakakaa mateka mwezi mzima hivi. Quinlan aliporudi kwao alipendekeza zaidi ya 30 kati ya watu wake wapewe nishani ya ushujaa. Hakupewa hata mmoja. Walikuwa wamejisalimisha, na jambo hilo jeshi lao lilipenda lisitajwe. Quinlan alifariki mwaka 1997. Ilikuwa Desemba 2017, miaka 56 baada ya vita, ndipo Ireland ilipotoa nishani maalumu, nayo ikaipa jina la mji wetu: Nishani ya Jadotville. Walipewa wote, ile ile moja, na kwa waliokwisha kufa walipokea jamaa zao.

Mtu wa hesabu atasema hii ni hadithi ya Kambo tena: wote wamepata, basi hakuna aliyepata. Sikubali. Wazee wale, ambao wengine wao waliishi maisha yao yote wakisikia kwamba ni waoga, hawakuhitaji kutofautiana wao kwa wao. Walihitaji mtu aseme kwamba walikuwa mahali fulani, siku fulani, na kwamba walichofanya pale kilifanyika. Nishani ile ina mahali ndani yake. Kupanda daraja kwa Kambo hakukuwa na mahali. Kulimfikia yeye Kasai, kukamfikia mpishi wa kambi nyingine, na kukamfikia mtu aliyekuwa amelala hospitali.

Hata hivyo haki yenyewe haikukamilika. Wale zaidi ya 30 ambao Quinlan aliwataja kwa majina yao, kwamba huyu alifanya hivi na yule vile, wamemezwa katika nishani ya wote. Kumpa kila mtu ni njia mojawapo ya kutomjibu yule aliyetajwa. Na kuna upande mwingine ambao sisi hatuutaji kabisa. Majandarme waliokufa siku zile walikuwa vijana wa huku. Nimekulia Kikula, nimehudhuria vilio vingi ambapo wazee husimulia mpaka asubuhi, na sijawahi kusikia jina la hata mmoja wao.

Nilimsimulia mdogo wangu habari hizi zote jioni moja tukila bukari na sombe. Nilitaka kumfurahisha, kwamba kulikuwa na watu waliosubiri miaka 56. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea: "Bale ba Ireland, banani balibakumbuka majina yabo?"

Nikamwambia kwamba kamanda wao alikuwa ameandika.

Alinyamaza. Kisha akanieleza, kwa mara ya kwanza, ni kwa nini hapendi kuitwa kolonele. Kule juu, alisema, makolonele walikuwepo wa kweli. Wengine aliwaheshimu. Lakini tangu mapatano ya Sun City na serikali ya mpito ya 2003, jeshi letu limepokea kundi baada ya kundi, na kila kundi lilikuja na makolonele na majenerali wake, hivi kwamba askari mdogo akiona nyota nyingi begani hajui kama anaangalia miaka ya shule ya jeshi, au vita, au saini ya mapatano. Hilo analivumilia. Asilolivumilia ni kwamba kwenye kilima kile walikuwa kumi na mmoja, wote bila tepe, na wakashuka wanne. Watoto wanapomwita kolonele, alisema, wanamtoa kwenye kilima wanampeleka kwingine, ambako hakuwa na mtu naye.

Sikuwa na la kujibu. Niliosha sahani.

Siku iliyofuata niliwaita watoto wa barabara yetu nikawaambia waache. Waliniuliza wamwite nani sasa. Swali zuri. Niliwaambia wamwite kwa jina lake, wakaona ni ukosefu wa adabu, kumwita mtu mzima kwa jina tupu. Na katika hilo walikuwa na haki. Tukakubaliana waseme "yaya", kama wanavyomwita kaka yeyote mkubwa wa barabarani. Mama wa makala bado anasema kolonele. Yeye ana umri wa mama yetu, sithubutu kumsahihisha. Baba sijamgusa kabisa. Nadhani neno "sajini" linamsaidia yeye mwenyewe kulala, na mdogo wangu naye amelielewa hivyo, maana hajamkatalia Baba hata mara moja.

Wiki chache baadaye alinipa daftari, la shule, la kurasa 48, akaniomba nimrekebishie maandishi kwa kuwa mimi ndiye ninayesomea lugha. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na majina kumi na moja. Yeye alijiweka wa sita. Majina mengine yalikuwa ya Kiluba, mengine ya Kitetela, ya Kingala, mengine ya pande nisizozijua, na aliyaandika kama alivyoyasikia yakiitwa gizani, si kama yalivyo kwenye kadi. Tulikaa mpaka taa ya umeme ilipokatika, tukaendelea na simu, tukijaribu kila jina kwa sauti: je, ni Tsh au ni Ci, je, kuna n mwanzoni. Mawili tumeyaacha na alama ya kuuliza pembeni hadi atakapompata mmoja wa wale wengine watatu kwa simu.

Tulipomaliza nilimuuliza kama niandike cheo mbele ya kila jina. Alifikiri kidogo.

"Andika kilima," akasema. "Na tarehe."