Hoja ya Ekseli

Tangu alipozikwa fundi wangu, watu wa Sake huniuliza ni nani sasa atakayewaundia nyumba za kuhama, nami huwajibu kwamba kazi hiyo nimeiacha, kwa kuwa macho yangu hayauoni tena mstari wa penseli, na mikaratusi ya Masisi inakatwa ingali michanga ikachomwe makaa. Maadamu nimepata faragha, nitaieleza hoja iliyotutenga mimi naye, ambayo watu wameisikia kwa upande wake tu.

Nilizaliwa milimani Masisi, nikasoma kwa mapadri hata nikajua hesabu za mraba, nikaingia karakana ya chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, ningali kijana, hayo yatosha.

Marehemu alikuwa bingwa wa chukudu, na mtu aliyezoea gurudumu aghalabu hudhani kwamba kila kitu chaweza kubingirishwa. Kwetu ardhi ni ya chifu au ya mwenye shamba, na mpangaji hana mali ila mbao na mabati yake, ambayo akiambiwa ondoka huondoka nayo. Basi marehemu akapata rai ya kutwaa ekseli ya lori bovu, ajenge juu yake chumba kizima, na mwenyewe akivute kila ahamiapo. Nilimsaidia kukipigilia misumari huku nikinung'unika. Pale Sake, penye tambarare, kilisifiwa na kila mpita njia. Lakini kuipanda njia ya Masisi wakati wa masika, kwenye tope limezalo lori la Fuso, hakikuweza asilani.

Hoja yangu ilikuwa kwamba gurudumu ni la mbebaji, na nyumba ipewe viungo. Nilijiundia yangu, mita 3 kwa 4, kuta zake zikiwa fremu zisizozidi mita 1 kwa upana ili chukudu izichukue, kila fremu ikiungwa na jirani yake kwa bolti na nati, na nambari nikizichonga kwa patasi upande wa ndani, maana chaki hufutwa na watoto. Penye kiungo sikutia msumari hata mmoja, kwa sababu mkaratusi mbichi ukikauka hujikunja, msumari ukalegea, na ukiung'oa kichwa cha ubao hupasuka, ukalazimika kukata shibiri nzima. Nyumba ya namna hiyo ikihama mara kadhaa, mwenyewe atalala miguu i nje. Marehemu alisema viungo vyangu vinapitisha mvua. Nikavifunika kwa papi, akaziita viraka.

Mwaka 2002 ulinipa ithibati. Januari 17 lava ya Nyiragongo iliingia Goma, na watu wakajenga nyumba za mbao juu ya mawe yaleyale yaliyopoa. Shirika moja, ambalo sitalitaja, lilichukua mchoro wangu, likaondoa bolti ili kupunguza gharama, kisha likauita wake. Mwaka huohuo kasiteriti, madini ya bati, ya mgodi wa Bisie ilianza kuwavuta watu Walikale. Ndege zikawa zinatua juu ya lami ya barabara pale Kilambo, ilhali kutoka Njingala hadi mgodini kulikuwa ni kutembea msituni, pasipopita ekseli wala chukudu. Mchuuzi mmoja aliniagiza kibanda. Nikazipunguza fremu hata mbebaji apite kati ya miti, kikafika migongoni mwa watu, kikasimama. Marehemu alipopata habari alisema hiyo si nyumba, ni mzigo.

Enyi vijana mnaopigilia mbao zikingali zinatoa maji, kwa nini mnafanya haraka hivyo? Pangeni mbao kivulini, mkitenganisha tabaka kwa vijiti, zikauke. Tundu la bolti litobolewe kwa keekee, pana kidogo kuliko bolti yenyewe, kwa kuwa mvua ya Masisi huvimbisha mti. Nati ipakwe grisi, la sivyo siku ya kuhama mtaikata kwa msumeno.

Neno moja la marehemu sijalijibu bado, nalo ni kwamba risasi haimpi mtu wasaa wa kufungua nati. Januari 2025, vita vilipotufikia, wengi walikimbia na godoro tu, na fremu zao zikabaki zimesimama. Lakini na chumba chake pia kilibaki palepale juu ya ekseli. Mwanawe sasa anataka kuniuzia ekseli hiyo pamoja na springi zake, nasi bado tunapatana bei, kwa kuwa chuma cha springi hutoa patasi nzuri mno.