Kufuga Maji

Kondakta aliinua mtungi wa kwanza, akaurudisha chini, akanitazama.

"Boss, hii ni nini?"

"Maji."

"Maji gani?"

"Ya bahari."

"Na unaenda Kakamega? Kule mvua inanyesha kila siku saa tisa, na wewe unawapelekea maji?"

Abiria wa nyuma wakacheka. Nililipia mitungi miwili ya lita ishirini kama mzigo wa biashara, nikaketi na kuanza kujiuliza kama kweli nina akili.

Nilikuwa nimetoka Shimoni, nilikopata kibarua cha kuandika maelezo ya tovuti ya watalii. Siku ya mwisho nahodha mmoja alinipeleka Kisite, akanipa miwani ya kuzamia na kuniambia nitumbukize uso tu. Nimekulia karibu na msitu wa Kakamega, kwa hivyo najua mahali palipo kimya na bado pamejaa. Sikujua kuwa pako pengine chini ya maji. Kesho yake, bamvua, maji yakiwa yamejaa na safi, nilichota mitungi yangu miwili. Sikuwa na mpango wowote zaidi ya huo.

Mpango ulibidi uje, maana mitungi ilikaa chini ya kitanda changu hapa Lurambi na kila nikiinama kutafuta viatu naiona. Chumba changu ni kimoja: kitanda, meko ya gesi, meza ninayoandikia. Nafasi iliyobaki ilikuwa upande wa kushoto wa meza, kando ya laptopu. Nilipima: sentimita arobaini kwa thelathini. Fundi wa vioo akanikatia kioo cha milimita sita, tukakiunganisha kwa silikoni ile isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, kwa sababu dawa hiyo huua viumbe. Kimo thelathini. Lita thelathini na sita hadi ukingoni, na ukiweka mawe unabaki na thelathini hivi.

Mawe ndiyo yaliyonisumbua. Kwenye mbuga za bahari za Kenya huruhusiwi kuokota hata kombe, na matumbawe magumu yote yamo kwenye orodha ya CITES ya viumbe ambao biashara yao inadhibitiwa. Sheria kando, nilikuwa nimesoma kuhusu mwaka 1998, joto la El Niño lilipopausha na kuua matumbawe mengi ya pwani yetu. Kule Wasini wanakijiji wanapanda vipande vya matumbawe upya chini ya maji, kimoja kimoja. Ningewezaje kung'oa changu nikakipandishe basi?

Kwa hivyo mwamba wangu ni wa simenti. Nilichanganya simenti na makombe yaliyosagwa, yale ya kulisha kuku wa mayai, nikaongeza chumvi ya mawe ili ikiyeyuka iache matundu. Simenti mbichi ni kali mno kwa samaki, ikabidi niiloweke kwa zaidi ya mwezi nikibadilisha maji. Ndoo ilikaa bafuni. Nilikuwa naoga nimesimama mguu mmoja pembeni.

Halafu nikamimina bahari yangu, nikawasha pampu, nikatupa kipande cha kamba mbichi kioze humo ndani. Ndivyo inavyoanza. Kinachooza hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wa kwanza huila na kuacha nitriti, nayo ni sumu pia. Bakteria wengine huila nitriti na kuacha nitrati, ambayo samaki anaweza kuivumilia ikiwa kidogo. Bakteria hao huchukua wiki kadhaa kujaa kwenye matundu ya mawe, na huwezi kuwaharakisha sana. Kazi yako ni kupima na kungoja.

Jirani yangu aliingia kukopa chaja, akasimama mbele ya tangi.

"Samaki wako wapi?"

"Bado."

"Sasa hapa unafuga nini? Unafuga maji?"

Jina likashika ploti nzima. Yule wa kufuga maji. Sikukasirika, ila liliniuma mahali ambapo yeye hakujua. Niliacha chuo mwaka wa tatu. Tangu hapo, mtu akiniuliza nafanya nini, sina kitu cha kumwonyesha isipokuwa meza na mimi nimekaa mbele yake.

Maji yenyewe yana kazi. Kila siku sehemu yake hupotea hewani lakini chumvi hubaki, hivyo unajaza kwa maji baridi, si ya chumvi. Hapo Kakamega ilinisaidia. Nakinga mvua kwa beseni katikati ya uwanja, mbali na mabati, kwa sababu zinki ya mabati ni sumu kwa viumbe wengi wa baharini. Kila wiki natoa lita tatu na kurudisha tatu mpya, zenye gramu 105 za chumvi ya akwaria niliyoagiza Nairobi. Chumvi ya ugali haifai. Bahari ina magnesi, kalisi na mengine mengi.

Wiki ya sita vipimo vya amonia na nitriti vilisoma sifuri. Nikaagiza samaki mmoja, yule wa chungwa mwenye mistari mieupe ambaye watoto wote humwita Nemo. Nilihakikisha ni wa kuzalishwa kwenye tangi. Hajawahi kuiona bahari.

Mama naye hajawahi. Alikuja kunitembelea mwezi uliofuata, na kuku na murere kwenye kiondo. Alimtazama samaki kwa muda mrefu.

"Huyu analiwa?"

"Hapana, Mama."

"Sawa."

Hiyo "sawa" yake naijua. Ndiyo aliyoitoa siku niliyomwambia sirudi chuo.

Jioni hiyo mvua ilishuka na radi, na saa moja stima ikapotea. Pampu ikanyamaza. Huku tuko takriban mita 1,500 juu ya bahari, na usiku baridi huingia hadi kwenye sakafu. Kufikia saa tatu kipimajoto kilikuwa kimeshuka kutoka 26 hadi 23. Nilisimama na tochi ya simu nisijue nifanye nini.

"Chemsha maji," Mama akasema. "Lete chupa za soda."

"Za nini?"

"Baba, mimi nimelea vifaranga miaka ngapi bila stima?"

Alijaza chupa mbili maji moto, akazifunga, akaniambia nizisugue nje vizuri kisha nizielekeze majini polepole. Akavua leso yake, akaizungushia kioo, juu yake blanketi langu. Nilimweleza kwamba samaki na bakteria wote wanahitaji hewa, kwa hivyo maji lazima yatikiswe. Akachukua kikombe. Akachota, akamimina kutoka juu, akachota. Tulipokezana hivyo hadi saa tisa usiku. Hatukuzungumza mengi. Zamu moja nilimwona akilamba kidole.

"Kumbe ni chumvi kweli," akasema.

Stima ilirudi saa tisa na nusu. Samaki alikuwa amejificha nyuma ya jiwe la simenti, akipumua.

Kwa miaka miwili ujumbe wa Mama kwenye simu yangu ulikuwa mmoja, kwa maneno tofauti: utarudi lini chuo? Bado huuliza, sitadanganya. Lakini jana saa kumi, mawingu yakiwa bado upande wa kwao, simu iliita mlio wa ujumbe. "Mvua imeanza huku. Chemsha maji mapema."