Idadi ya wahitimu: 1

Usiku mmoja wa Oktoba 2024, nikiwa nimetoka zamu ya jioni kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, nilikaa mezani jikoni kwetu hapa Minnesota nikajaza fomu ya mkuu wa shule katika maombi ya chuo ya binti yangu. Jina la shule: nikaandika lile tulilojitungia wenyewe. Idadi ya wanafunzi wanaohitimu mwaka huu: 1. Nafasi ya mwanafunzi darasani: hapo nikatoa mikono kwenye kompyuta. Dada yangu wa Morogoro alikuwa hewani, kwao kumeshakucha, nasikia jogoo na pikipiki. Nikamsomea swali.

“Andika wa kwanza, kaka,” akasema. “Na wakikuuliza wa mwisho nani, andika huyo huyo.”

Nilicheka, lakini kwa moyo mzito kidogo. Kabla ya kuja huku nilikuwa mwalimu wa sekondari, Historia na Kiswahili, na mara tatu niliitwa kusahihisha mitihani ya Kidato cha Nne. Aliyewahi kusahihisha anajua kwamba mtoto humwoni. Unaona namba. Kila msahihishaji ana swali lake, kijitabu kinapita mkono kwa mkono, na anayesahihisha swali la tano hajui yule wa swali la pili alitoa alama ngapi. Namba ikianza na S, huyo ametoka shuleni. Ikianza na P, ni mtahiniwa wa kujitegemea. Basi, hayo tu ndiyo utakayoyajua juu ya maisha yake. Mimi nimekulia katika imani hiyo, kwamba haki ya mtihani ni kutomjua mtu. Sasa naletewa fomu inayoniuliza binti yangu wa kumzaa ni mtu wa namna gani, tena inataka majibu marefu.

Turudi nyuma. Machi 2020 shule za huku zilifungwa kwa korona, binti yetu akiwa darasa la saba. Wiki za kwanza alikaa mbele ya skrini, anamaliza kazi za siku nzima kabla ya saa nne asubuhi, kisha anakaa. Mimi na mama yake tukaanza kumjazia ule muda: hesabu kidogo, historia, Kiswahili. Shule zilipofunguliwa tukaona hatuna hamu ya kumrudisha, na yeye alikuwa hana hamu kutuzidi. Nyumbani Tanzania walidhani anaumwa. “Kwani amefukuzwa?” aliuliza baba yangu mdogo, na nilimwelewa, kwa sababu kwetu mtoto anayesomea nyumbani huwa ana sababu ambayo watu hawaisemi kwa sauti.

Kwa Mmarekani hilo si jambo geni. Tangu 1993 ni halali katika majimbo yote 50, ila kila jimbo lina yake. Ukiwa Texas hutakiwi hata kumwarifu mtu. Ukiwa Pennsylvania utaapa kwa maandishi, utatunza jalada la kazi za mtoto, na kila mwaka mtathmini atakuja kulipitia. Hapa Minnesota ni katikati: barua kwa mkuu wa elimu wa wilaya kabla ya tarehe 1 Oktoba, orodha ya masomo ambayo lazima yafundishwe, na mtihani mmoja kila mwaka. Baada ya hapo hakuna mkaguzi wala mratibu elimu kata. Mwaka wa kwanza nilikuwa nikisikia gari likisimama nje najiweka sawa.

Huo uhuru ndio ulionilaza usingizi. Huku unafundisha utakavyo miaka minne, hakuna anayekuuliza, halafu siku mtoto anapotaka kuingia chuo kinachochuja watu, vile vinavyochukua watoto chini ya watano katika kila mia walioomba, unaulizwa yote kwa mkupuo. Alisoma nini? Kitabu gani? Nani alimfundisha, na kwa kipimo gani ulimpa A?

Kwetu mambo yako kinyume. Elimu ya msingi ni lazima kwa sheria, na ukimzuia mtoto nyumbani utatafutwa. Lakini mlango wa mwisho hauna maswali. Mpwa wangu, mtoto wa huyu huyu dada, aliacha shule Kidato cha Tano kwa ada. Alikuwa na krediti zake za Kidato cha Nne, akajisomea chumbani kwa noti za kuazima na mitihani ya miaka ya nyuma, jioni anakwenda tuisheni, na Mei 2023 akafanya Kidato cha Sita kwa namba ya P. Kombi yake HGL, yaani Historia, Jiografia na Kiingereza: C, C na D. Tatu, tatu, mbili, jumla pointi nane, wakati kiwango cha chini cha kuingia chuo kikuu ni pointi nne kwa masomo mawili. Dirisha la udahili likafunguliwa, akaomba kwa simu ya mama yake, akapata Mzumbe. Hakuna aliyemuuliza ulisomea wapi, chumba kilikuwa na taa au hakikuwa na taa. (Angekuwa wa sayansi, wa PCB, ningekuwa nasimulia kingine. Mtahiniwa wa kujitegemea na mtihani wa vitendo wa kemia ni habari ya machozi, maana maabara huazimi kama noti.)

“Shikamoo mjomba,” aliniandikia siku ile, “nimewatoa kimasomaso.” Mwaka uliofuata, nikihangaika na fomu za binti yangu, nikawa namwonea wivu kijana aliyesoma kwa kibatari.

Kwa sababu shida ya anayesomesha nyumbani huku ni mashahidi. A niliyompa mwanangu ni ya nani? Wahenga walishasema, mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Maofisa wa udahili wanalijua hilo kwa lugha yao, na hata wasiposema, wanaisoma transkripti iliyoandikwa na baba kwa jicho la pembeni. Zamani kulikuwa na njia ya mkato: mitihani ya somo moja moja ya taasisi ya College Board. Mtoto wa nyumbani alifanya ya hisabati, ya fizikia, ya historia, akamaliza ubishi. Januari 2021 ikafutwa. Ilinikuta katikati ya safari, nimeshanunua vitabu vyake.

Zilibaki njia nyingine. SAT, mtihani wa kuombea chuo, ipo, na wakati vyuo vingi viliacha kuidai baada ya korona, MIT ilirudisha sharti hilo 2022, Dartmouth na Harvard zikafuata 2024. Wazazi wengi walinung’unika. Mimi nilifurahi kimoyomoyo kama msahihishaji mstaafu: hatimaye kuna mtu atakayempima mwanangu asiyemjua. Mitihani ya AP, ya masomo ya ngazi ya chuo, nayo ni ya Mei, lakini lazima upate shule itakayokubali kumkalisha mtoto asiye wake, na usajili wake hufungwa Novemba. Nilipiga simu shule sita. Moja ilikubali. Ukianza kutafuta Februari, kama nilivyofanya mwaka wa kwanza, utakuwa umechelewa miezi mitatu.

Shahidi mkubwa kuliko wote, kwa wanaoishi jimbo hili, ni PSEO. Ipo tangu 1985 na bado nakutana na Watanzania na Wakenya wenye watoto wakubwa ambao hawajawahi kuisikia. Mtoto wa darasa la 11 na la 12, hata anayesomea nyumbani, anakwenda kusoma masomo ya chuo na jimbo linalipa ada na vitabu vinavyotakiwa. Binti yetu alisoma hisabati, uandishi na jiolojia, amekaa na watu wenye ndevu. Alama zile hazikutoka kwa baba, na walimu wawili wa kule ndio waliomwandikia barua za mapendekezo. Tahadhari moja: alama hizo ni za kudumu. C ya PSEO itamfuata mtoto hadi shahada ya uzamili, kwa hiyo usimtupe huko na masomo manne muhula wa kwanza.

Kiswahili kilitupa taabu na raha. Vyuo hivi vinapenda kuona miaka mitatu au minne ya lugha ya kigeni, na nikasema, ya nini Kifaransa cha kuungaunga wakati lugha imejaa ndani? Lakini nani atathibitisha? Nimeandika kwenye maelezo ya kozi kwamba amesoma Kusadikika ya Shaaban Robert na ameandika insha. Anayesoma maelezo hayo huko Massachusetts atajuaje kama si chumvi? Tukamlipia mtihani wa mazungumzo wa ACTFL, unaofanywa kwa simu na mtu usiyemjua, kisha unapewa kiwango chako. Nilikuwa nyuma ya mlango. Nikamsikia anaanza, “Shikamoo.” Kimya kidogo upande wa pili, halafu nadhani yule mtahini alicheka, maana binti yangu naye alicheka. Nikaondoka mlangoni. Nilijua kilichobaki ni karatasi tu.

Sasa barua. Kwenye maombi ya vyuo vya huku, mshauri wa shule huandika barua ya kumweleza mwanafunzi. Mshauri wa shule yetu ni mimi. Barua ya kwanza niliiandika kama nilivyowaandikia mamia ya watoto Tanzania: ni mtiifu, anajituma, ana ushirikiano mzuri na wenzake, tabia njema. Mke wangu akaisoma akasema hii ni livingi. Binti yangu akauliza, “Baba, huyu ni nani?”

Hakuwa mtu yeyote. Ndivyo barua zetu zilivyo, zimetengenezwa zimfae kila mtoto asiye mwizi. Na nyuma ya hilo kuna malezi: kwetu mzazi hamsifii mwanawe mbele za watu. Mgeni akikwambia mwanao ana akili, unajibu “mtundu huyo, mvivu wa vyombo,” na mgeni anaelewa kwamba umefurahi. Kizuri chajiuza. Huku kizuri kisipojitembeza kinabaki ghalani, na mwezi mzima nilijisikia dalali.

Kilichonitoa ni daftari. Nyuma ya nyumba yetu kuna bwawa dogo, na kwa majira manne ya baridi binti yetu alikuwa akiandika siku lilipoganda na siku barafu ilipoyeyuka, pamoja na joto la hewa na kina cha theluji. Hakutumwa na mtu. Alijifunza takwimu kwa sababu alitaka kujua kama tofauti aliyoiona ni ya kweli au ni bahati. Nikaandika hilo, na siku alipokuja kuniambia kwamba nadharia yake imeanguka, amevaa glovu za mama yake, ana furaha kana kwamba imesimama. Kurasa mbili. Sikutumia neno “bidii” hata mara moja.

Halafu kwenye fomu kuna kisanduku cha maelezo ya ziada. Mwaka 2023 bibi yake alifariki, tukarudi Morogoro wote, na wiki nane hakufungua kitabu. Kwenye rekodi zangu pana pengo. Nilitaka kulifukia, nisogeze tarehe, nani atajua? Mke wangu akakataa. Akaandika binti mwenyewe, mistari sita, bila kulia.

Usiku ule nilikumbuka kijitabu kimoja cha mtihani. Chini ya jibu la mwisho mtahiniwa alikuwa ameandika: nimefiwa na mama juzi, naomba mnifikirie. Nilimwonyesha kiongozi wa jopo. Akatikisa kichwa, nami nilijua atatikisa. Nikatoa alama zilizostahili jibu, chache, nikapitisha kijitabu kwa wa swali linalofuata. Hatukuwa na sanduku la kutia maneno yale. Bado sijui kama tulikosea. Tungemfikiria yeye, tungefanyaje na aliyefiwa asiandike, au asiyefiwa akaandika? Huku wanamwamini anayejua kuandika. Watoto wenye wazazi wenye uwezo wana washauri wa kulipwa wa kuwafundisha waeleze huzuni yao kwa maneno 650. Kwa hilo, namba ya P ina heshima yake.

Kuhusu fedha nitasema kifupi: usiogope bei iliyoandikwa. Vyuo hivi vigumu ndivyo mara nyingi vyenye fedha nyingi za msaada, unajaza fomu za msaada, FAFSA na CSS Profile, na familia ya mishahara kama yetu inaweza kulipa kidogo kuliko chuo cha jimbo. Ada za maombi nazo huombewa msamaha. Omba, usione haya.

Mwishoni mwa Machi majibu yakaja. Vyuo vinne vilimkataa, kimoja kikamweka benchi, viwili vikamchukua, na kimoja kati ya hivyo kikalipia karibu kila kitu. Ni chuo kidogo, kiko katikati ya mashamba ya mahindi, mabwawa hayakosekani.

Juni nikamtengenezea cheti cha kuhitimu. Nilinunua karatasi nzito, nikachapa, nikatia saini kama mkuu wa shule. Dada akapiga kuulizia.

“Kina muhuri?”

Nikamwambia huku hakihitaji muhuri. Akanyamaza kile kimya chake.

“Kaka. Nitamwonyesha nani karatasi isiyo na muhuri?”

Kesho yake nikaenda benki, ambako huku yupo mfanyakazi mwenye mamlaka ya kuthibitisha saini. Akaangalia leseni yangu ya udereva, akaangalia uso wangu, nikasaini mbele yake, akagonga muhuri. Cheti chenyewe hakukisoma. Kazi yake ilikuwa kuthibitisha kwamba mimi ni mimi. Nikapiga picha nikamtumia dada, akaiweka kwenye kundi la familia kabla sijafika kwenye gari.

“Sasa kweli amemaliza,” akaandika.