Kamera ya kwanza kwa watoto wasiotulia

Natafuta kamera ya kuwapiga picha wanangu wakicheza. Simu huwatoa vizuri wakiwa wamekaa. Wakikimbia hutoka kama moshi. Utoto haurudiwi, kwa hivyo nimefanya hesabu kabla ya kutoa pesa.

Mtoto akikimbia mita 3 kwa sekunde, husogea sentimita 10 shata ikiwa 1/30 ya sekunde. Ikiwa 1/500, husogea milimita 6 tu. Basi ndugu msomaji, muuzaji akikuimbia megapikseli, muulize mwanga. Shata ya haraka hula mwanga mwingi, na mwanga huletwa na lenzi. Lenzi ya kawaida ya 18-55mm ukiivuta hadi mwisho hufunguka f/5.6. Ile ya 50mm f/1.8 huingiza mwanga karibu mara 10 zaidi.

Nikon D3500 ya mwaka 2018 hupiga picha 5 kwa sekunde. Canon EOS 2000D ya mwaka huohuo hupiga 3. Nitachukua Nikon iliyotumika, pesa itakayobaki niitie kwenye lenzi. Angalia tu lenzi iwe ya AF-S, kwani D3500 haina mota ya fokasi ndani yake, na lenzi za zamani utalazimika kuzizungusha kwa mkono. Hapo mtoto keshapita!

Ukiipata, weka modi ya S, shata 1/500, ISO ijipange yenyewe, fokasi AF-C, kisha piga mfululizo. Je, wewe unatumia ipi?