Daftari la mweka hazina

Jumatatu, 3 Machi 2025
Kikao cha juzi kimeniachia kazi. Chama kinataka ETF, yaani mfuko unaouzwa sokoni kama hisa, na karibu kila aliyesimama alisema tuchukue yenye ada ndogo. VOO ya Vanguard, inayofuata kampuni za S&P 500, hutoza 0.03% kwa mwaka: senti 30 kwa kila shilingi 1,000. Ni ndogo kweli, lakini hiyo ndiyo gharama iliyoandikwa. Natafuta zile zisizoandikwa.

Nimepitia orodha ya vilivyomo. Kampuni ni 500, ila Apple, Nvidia na Microsoft pekee ni karibu moja ya tano ya mfuko mzima. Katibu aliuita mfuko wa dunia nzima. Sivyo, ni wa kampuni za Marekani, na wanachama lazima waambiwe.

Alhamisi, 6 Machi
Kodi imenikeshesha. Kenya haina mkataba wa kodi na Marekani, kwa hiyo gawio hukatwa 30% hukohuko. Gawio likiwa shilingi 13 kwa kila 1,000, zinakwenda 3.90. Ni mara 13 ya ile ada tuliyoshangilia! CSPX ya iShares, inayouzwa London, imebeba kampuni zilezile ila imesajiliwa Ireland: gawio hukatwa 15% kabla ya kuingia mfukoni, na ada ni 0.07%. Nimejumlisha ada na kodi kwa kila shilingi 1,000: VOO 4.20, CSPX 2.65. Yenye ada kubwa ndiyo nafuu.

Halafu jina la akaunti. Ikifunguliwa kwa jina la mmoja wetu, siku akifariki pesa za chama zinaingia kwenye mirathi yake. Hili linaniumiza kichwa kuliko kodi.

Jumapili, 9 Machi
Mwenyekiti kanisimamisha baada ya ibada: "Mweka hazina, si kuna ile ya dhahabu hapa hapa Nairobi?" Ipo, mzee. NewGold iliorodheshwa kwenye soko la hisa la Nairobi (NSE) mwaka 2017 na nyuma yake kuna dhahabu halisi. Haitoi gawio, faida ni bei kupanda tu. Na bei yenyewe ina miguu miwili, dhahabu kwa dola na dola kwa shilingi. Mwaka 2024 dola ilishuka kutoka kama shilingi 160 hadi 129, ikala sehemu ya faida ya dhahabu.

Jumanne, 11 Machi
Nimemuuliza dalali swali moja: tukitaka kuuza Januari ili tulipe karo, nani atanunua? Hapa NSE kuna siku nyingi hakiuzwi kipande hata kimoja cha NewGold. Mwenye haraka hupokea bei yoyote atakayopewa, na karo za watoto hazisubiri.

Pendekezo langu kikaoni: pesa za karo zibaki kwenye bili za Hazina. Zile za akiba ya miaka kumi ziende CSPX, akaunti ikishapatikana kwa jina la chama. Bila hiyo akaunti, sitii sahihi.