Ushuhuda Niliousema Nusu



Leo asubuhi sina mahubiri. Nina jambo la kurekebisha, na ninalirekebisha hapa hapa ambapo wengi wenu mlitazama ushuhuda wangu wa Januari.

Miaka minne iliyopita nilipimwa kwa kamera, ikaonekana utumbo wangu mpana umevimba na una vidonda. Daktari aliuita ugonjwa huo kolaitisi. Nilipewa dawa za kumeza kila siku, na kwa neema ya Mungu damu ikakoma, nikarudi madhabahuni.

Mwaka jana tumbo likaanza tena. Damu haikuwepo, lakini lilikuwa linajaa, linanguruma, gesi, kisha kuhara. Mnajua kazi ya mchungaji. Jumamosi moja unatembelea nyumba tano, na kila nyumba kuna chupa ya chai ya maziwa. Utakataaje chai ya mama aliyekukaribisha? Nikifika nyumba ya nne, moyoni nauliza tu choo kiko wapi. Nikaamini ugonjwa umerudi.

Januari tukaingia mfungo wa Danieli, siku 21. Mboga, nafaka na maji. Hakuna nyama, hakuna maziwa. Kabla wiki ya kwanza kuisha, tumbo lilikuwa limetulia kabisa. Jumapili ya mwisho nikasimama mbele yenu nikasema Mungu ameniondolea kolaitisi. Mlishangilia. Nami nilishangilia, na sikuwa nadanganya. Niliamini hivyo.

Lakini kuna kitu sikukisema. Kila jioni ya mfungo ule nilimeza dawa zangu.

Jumatatu nikanywa vikombe viwili vya chai ya maziwa. Kabla ya saa sita mchana nilikuwa nakimbilia choo. Nikaona aibu. Nikanyamaza.

Kuna dada yetu kanisani, ameniruhusu niseme haya bila jina lake. Yeye ana ugonjwa wa Crohn, ambao pia huvimbisha utumbo. Alisikia ushuhuda wangu, akaenda nyumbani akaweka dawa zake kando kwa imani. Machi akalazwa. Nilipoenda kumwombea, kabla sijafungua Biblia aliniuliza, "Pasta, wewe zako uliacha lini?"

Nikamjibu, "Sijawahi kuziacha, dada yangu."

Akageuka akatazama ukuta. Siku hiyo sikuwa na maombi ya sauti kubwa.

Wiki hiyo hiyo nikaenda kwa daktari wangu nikamweleza yote. Alipima damu na choo, hakuona dalili ya uvimbe. Akaniambia ugonjwa wangu umelala, kinachonisumbua yaelekea ni maziwa. Niache wiki mbili, kisha nijaribu tena kidogo kidogo. Nilijaribu. Ni kweli.

Alinifafanulia hivi. Maziwa yana sukari inayoitwa laktosi. Utumbo mwembamba una kimeng'enya cha kuivunja, lakini kwa watu wazima wengi duniani hicho hupungua baada ya utoto. Sukari isiyovunjwa hushuka hadi utumbo mpana, inavuta maji, na bakteria wanaichachusha. Ndiyo gesi na kuhara. Inasumbua, lakini haichimbi vidonda. Mwenye kolaitisi anaweza kuwa nayo kama jirani yake mzima. Mwenye Crohn iliyoshika utumbo mwembamba huwa nayo zaidi, kwa sababu pale penye uvimbe ndipo kimeng'enya kinapotoka.

Kwa hiyo, wapendwa, kulikuwa na mambo mawili tumboni mwangu, na mimi niliyafanya moja. Mfungo ulinipumzisha na maziwa. Dawa ndizo zilizokuwa zimeshikilia kolaitisi. Mungu alikuwa katika yote mawili, lakini mimi nilimshuhudia katika moja tu, na dada yangu akaumia.

Someni 1 Timotheo 5:23. Paulo, ambaye Mungu aliponya wengi kwa mikono yake, alimshauri Timotheo abadilishe anachokunywa kwa ajili ya tumbo lake. Hakumwambia imani yake ni ndogo.

Basi sikieni. Ukiwa na ugonjwa wa utumbo, usiache dawa kwa sababu ya ushuhuda wa mtu, hata wangu. Ukiona damu kwenye choo, homa, unakonda, au tumbo linakuamsha usiku, usisingizie chai. Nenda hospitali. Wala usiache maziwa yote kwa kubahatisha, maana mifupa yahitaji kalisi, hasa ukiwa umetumia dawa za steroidi. Wengi wasioweza maziwa mabichi huvumilia mala, kwa kuwa sehemu ya sukari imeliwa na uchachu. Omena na sukuma wiki pia zina kalisi. Muulize daktari wako.

Nanyi akina mama mnaotukaribisha, mgeni akiomba strungi, mpe strungi. Hajadharau nyumba yako.

Dada yetu ametoka hospitali na amerudia dawa zake. Jumapili nilimwomba msamaha mbele ya wazee wa kanisa. Alinisamehe, kisha akaniambia, "Pasta, siku nyingine maliza ushuhuda."

Baba, tufundishe kusema kweli yote, hata ile inayotupunguzia sifa. Wagonjwa wetu waponye kwa njia unayoichagua wewe. Katika jina la Yesu.

Kama una mtu aliyeacha dawa baada ya kunisikia, mtumie ujumbe huu leo. Amina.